Kumsomesha Mtoto wa Jirani: Mwongozo kwa Wana-Caritas wa Parokia za Dar es Salaam

Kazi ya kumsomesha mtoto huanza Oktoba. Kamati inayoanza kuzungusha bahasha Januari itakwenda kununua sare siku zile ambazo kila mzazi wa mji huu yuko Kariakoo, fundi atakuwa na oda hadi mwisho wa mwezi, na mtoto ataanza muhula na sketi ya dada yake iliyobanwa kwa pini. Basi panga hivi: Oktoba kuwajua watoto, Novemba kujua fedha iliyopo, Desemba kununua. Miezi mingine yote ni ya kufuatilia, na hapo ndipo mifuko mingi ya ufadhili hufia.

Watu wa kazi

Usianzishe chama kipya. Parokia ina kamati ya Caritas (shirika la Kanisa Katoliki la kuwasaidia wahitaji), na kwingine kuna Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho tangu kianzishwe Paris mwaka 1833 kazi yake ya msingi ni kumtembelea maskini nyumbani kwake. Fuata utaratibu huo. Wajitoleaji waende wawili wawili, na kila jozi isipewe watoto zaidi ya sita. Wakifika kumi, ziara zitageuka kuwa za simu, na ziara ya simu haioni godoro.

Ikiwezekana, wanaotembelea wasitoke jumuiya moja (kikundi cha sala cha majirani) na familia. Mama anaweza kusali nawe kila Jumamosi na bado asikuambie kwamba kodi imeisha. Kila mjitoleaji awe na barua ya paroko, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue mapema kwamba watu hawa watapita.

Kumpata mtoto anayestahili

Majina yanayotoka kwenye jumuiya peke yake huwa na kasoro moja: jumuiya inawajua wanaohudhuria. Familia iliyobanwa sana mara nyingi iliacha kuja zamani, kwa aibu ya kukosa michango. Na jirani Mwislamu hatatajwa kabisa, ilhali Caritas haimuulizi mtu dini kabla ya kumsaidia. Kwa hiyo tafuta orodha tatu: moja ya viongozi wa jumuiya, moja ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani, moja ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Jina linalotokea kwenye orodha mbili litembelewe kwanza.

Neno "yatima" lisikupoteze. Kuna yatima anayelelewa na mjomba mwenye duka, na kuna mtoto mwenye wazazi wote wawili ambaye baba yake aliumia kwenye ujenzi na sasa nyumba nzima inategemea beseni la maandazi. Angalia hali ya nyumba.

Mkifika, hodi na shikamoo kwanza, fomu baadaye. Ikiwa ni familia ya Kikatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo" inafungua mlango. Isipokuwa hivyo, salamu ya kawaida inatosha, wala msianze kwa sala ambayo mwenyeji hakuiomba. Kisha ulizeni: usiku wanalala wangapi hapa? Jana mlikula nini, na saa ngapi? Kodi mnalipa ya miezi mingapi, na inaisha lini? Kuna msaada mwingine, kama TASAF (mfuko wa serikali wa kaya maskini) au ndugu? Kuna deni?

Swali la kodi ndilo lenye thamani kuliko yote. Familia nyingi za kupanga hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na ikiisha bila pesa, huhama. Leo wako Tandale, wiki ijayo wako Chanika au Mbagala, mtoto ameacha shule, simu haipatikani. Mtoto hupotea hivyo kirahisi kuliko kwa kukosa daftari. Tarehe ya kuisha kodi iandikwe juu kabisa ya fomu, na jozi ipite wiki tatu kabla yake.

Chukueni namba tatu za simu: ya mlezi, ya ndugu asiyeishi nyumba hiyo, na ya mwalimu wa darasa. Andikeni pia jina la mtaani. Jina la kitambulisho huenda hata mwenye nyumba halijui. "Mama Zai, nyuma ya mashine ya kusaga" litakufikisha.

Cheti cha kuzaliwa

Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aanzishiwe maombi RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, mwezi huohuo. Kusanya tangazo la kizazi la hospitali kama lipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Linaloharibika mara kwa mara ni majina: ubatizo unasema hivi, daftari la shule vile, na kliniki waliandika walivyosikia. Linganisha herufi kwa herufi mtoto akiwa bado madarasa ya chini. Akishasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, jina lile litamfuata hadi kwenye cheti cha kidato cha nne, na kulibadilisha ni safari ya ofisi nyingi.

Ahadi isizidi kibubu

Tuseme jumuiya ina watu 30 na kila mmoja ameahidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Sasa tuseme 20 tu ndio watakaotoa hadi mwisho: 480,000. Chagueni idadi ya watoto kwa hesabu ya pili. Bora watoto wawili wanaofika Novemba kuliko wanne wanaoachwa Agosti, kwa sababu mtoto aliyeachwa katikati amekwisha kuacha njia nyingine aliyokuwa akijitafutia. Kamwe msimwahidi mtoto kwa fedha ambayo bado iko mdomoni mwa mtoaji.

Jumapili ya Maskini Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2017, huangukia katikati ya Novemba. Ni siku nzuri ya kupitisha bahasha za mwaka unaofuata: karibu na manunuzi, na kabla Krismasi haijamaliza mifuko ya watu. Wekeni akiba ya muhula mmoja kwa kila mtoto, na isiguswe hata kama paa la kigango linavuja.

Fedha inakwenda kwenye nini hasa

Shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada: hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Anayemwandikia mfadhili kwamba fedha yake inalipa "ada ya shule ya msingi ya serikali" anasema uongo, hata kama hakukusudia. Gharama ziko pembeni: sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana shuleni, michango ambayo kikao cha wazazi kilikubaliana, na nauli.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, seti ya mwaka inayotosha ni hii: mashati mawili, kaptula au sketi mbili, sweta moja, viatu vyeusi jozi moja, soksi jozi tatu, begi, na madaftari kwa idadi iliyotolewa na mwalimu (msikisie). Pimeni mtoto wiki ya kwanza ya Desemba. Kwenye kiatu iachwe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Zaidi ya hapo atakivuta na soli itaisha mapema. Sketi iachiwe pindo la inchi tatu ili mwakani ishushwe. Shati moja jeupe halitoshi, maana linafuliwa jioni na msimu wa mvua halikauki hadi alfajiri. Kama kati ya akina mama mnaowasaidia kuna mwenye cherehani, oda yote ya sare mpeni yeye: pesa ileile imefanya kazi mara mbili.

Anayeingia kidato cha kwanza, subirini fomu ya kujiunga ya shule aliyopangiwa kabla ya kununua chochote. Rangi ya sketi na aina ya daftari hutofautiana, na kitambaa kilichokatwa hakirudishwi dukani.

Nauli na chakula ndivyo vinavyosahaulika. Mwanafunzi anayepanda daladala mbili huwa kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri, makonda wakikwepa kumchukua kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Jioni anarudi ana njaa. Kwa msichana, pengo hilo ndilo anamoingilia mtu wa bodaboda na lifti yake ya bure na chipsi zake. Kamati ikibanwa, ipunguze begi jipya, isipunguze nauli.

Kulipa bila kuibua matatizo

Kinacholipika moja kwa moja kilipwe moja kwa moja: mchango wa shule kwenye akaunti ya shule, sare kwa fundi, viatu dukani. Kila malipo yawe na stakabadhi, na kila stakabadhi ipigwe picha siku hiyohiyo, kwani karatasi hizi huchujuka hadi kuwa nyeupe katika miezi michache.

Fedha taslimu kwa mlezi iwe ya nauli na chakula tu, itumwe kwa simu kila wiki, na itumwe na ya kutolea. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na wakigombana, pesa inabaki kwake. Kwa nini kila wiki? Kwa sababu mama mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa na marejesho ya harakaharaka, akipokea ya muhula mzima kwa mkupuo, pesa ile si yake tena. Wakusanyaji wa marejesho watafika mlangoni kabla hajanunua kilo ya unga. Msimhukumu. Badilisheni namna ya kutuma.

Na tafadhali, msiwasimamishe watoto mbele ya altare kupokea madaftari huku waamini wakipiga picha. Jumatatu darasani wataitwa "watoto wa msaada". Wakabidhiwe nyumbani.

Kufuatilia

Ziara mbili kila muhula, moja bila kutaarifu. Shuleni, swali la kwanza kwa mwalimu wa darasa ni "amekosa siku ngapi?" kabla ya "amepata ngapi?" Utoro unaonekana wiki kadhaa kabla alama hazijashuka. Akikosa siku tatu mfululizo, jozi iende siku ya nne. Alama zikishuka ghafla kwa mtoto anayehudhuria vizuri, mpelekeni kupimwa macho kabla hamjamlipia twisheni.

Masika, kati ya Machi na Mei, yana mpango wake. Nyumba za mabondeni kando ya Mto Msimbazi, kama Jangwani, Kigogo na Vingunguti, huingiliwa na maji, na madaftari ndiyo huondoka kwanza. Tengeni seti ya pili ya madaftari kwa ajili ya Aprili. Cheti cha kuzaliwa kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, na nakala zibaki ofisi ya parokia.

Msichana akipata ujauzito, jina lake lisifutwe kwenye orodha. Serikali iliruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua kwa waraka wa elimu wa mwaka 2021. Mfuko uliomtoa utakuwa umempa adhabu ambayo hata serikali imeiacha.

Ulinzi wa mtoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mjitoleaji asibaki peke yake na mtoto, asimpeleke nyumbani kwake, asimpe lifti bila mtu mzima wa pili. Ukiona alama za kipigo au mtoto akikuambia jambo zito, usimhoji mara tatu, na wala kamati isiitishe kikao cha "kuyamaliza kifamilia". Andika maneno yake kama alivyoyasema, mjulishe paroko, kisha afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Iandikwe ndani ya jalada la daftari la kila mtoto.

Mfadhili aliye mbali

Parokia nyingi zina wafadhili Ulaya au Marekani. Mweleweshe mfadhili mapema kwamba ufadhili si kuasili: haumpi haki yoyote juu ya mtoto, na wazazi au walezi wanabaki walewale. Barua zote zipite kwa kamati, kwenda na kurudi, bila namba ya simu wala jina la shule. Picha ipigwe bila nembo ya shule, kitambua mahali kwenye simu kikiwa kimezimwa, na mlezi awe amesaini kukubali. Taarifa za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo orodha ya majina yenye magonjwa ya wazazi haifai kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Zawadi ya pekee kwa mtoto mmoja, tuseme baiskeli, italeta vita katika nyumba yenye watoto watano. Mwombeni mfadhili aigeuze iwe mtaji wa genge la mama au kodi ya miezi mitatu.

Kufunga faili

Mlezi aambiwe mwaka mmoja kabla kwamba ufadhili unafikia mwisho. Aliyefeli kidato cha nne hajamaliza safari. Ulizieni nafasi za ufundi VETA Chang'ombe mapema, kabla hajakaa kijiweni miezi sita. Siku ya mwisho mkabidhini nyaraka zake zote halisi, zihesabiwe mbele yake na asaini: cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule, cheti cha matokeo. Nakala zibaki parokiani. Ipo siku atarudi kuzitafuta, kwa kuwa nyumba waliyokuwa wakiishi imebomolewa au maji yamepita.