Sauti Inasikika, Maneno Hayasikiki: Kurekebisha Spika kwenye Ukumbi Wenye Mwangwi

Kanisa nililoitwa lina kuta za lipu laini, sakafu ya vigae, mabenchi ya mbao na paa la mabati lisilo na dari. Urefu mita 30, upana 15, kimo cha wastani mita 6. Mzee wa kanisa alinipokea mlangoni akasema, "Fundi, sauti tunaisikia, maneno ndiyo hatuyasikii." Kisha akanieleza kilichowafanya wachangishe pesa ya kuniita. Jumapili moja lilitolewa tangazo kwamba daktari wa macho Jumamosi hatakuja. Waliokaa nyuma wakasikia atakuja. Jumamosi bibi kadhaa walitoka mbali kwa miguu, wakakaa kwenye ngazi za kanisa mpaka adhuhuri.

Iliyopotea ni h moja tu. Katika Kiswahili karibu kila silabi inaishia kwa irabu, na irabu ina nguvu. Ikishatoka mdomoni inaendelea kuzunguka kati ya saruji na mabati, halafu konsonanti ya silabi inayofuata, ambayo ni nyembamba, inakuta pameshajaa. Mwangwi wa irabu unaifunika. Ukipandisha sauti, mwangwi nao unapanda kwa kiwango kilekile, kwa hiyo amplifaya kubwa haiponyi ukumbi wa namna hii. Kanisa lile lilikuwa limeshanunua mbili.

Hatua hizi zinafaa pia msikitini, kwenye bwalo la shule na kwenye ukumbi wa mikutano wa kata.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa waya

Pasua puto katikati ya ukumbi mtupu, huku simu ikirekodi. Hesabu sekunde mpaka mlio unapozama kabisa. Ukipata sekunde moja na nusu au chini ya hapo, shida yako iko kwenye spika na mixa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti za maiki), si kwenye jengo. Ukipata tatu au zaidi, jengo lenyewe ni adui.

Kisha fanya jaribio la maneno. Andika maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu: paka, taka, saka, waka, kaka, shaka, zaka, baka, chaka. Ongeza atakuja na hatakuja. Mtu ayasome kwenye maiki bila mpangilio, na mwingine aliyekaa benchi la mwisho aandike anachosikia. Usimwambie ni maneno gani yamo. Tunza karatasi yake, utaihitaji mwishoni. Kipimo hiki nakiamini kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu kinapima kile watu walichokuja kukipata.

Hatua ya 2: Punguza mwangwi kwa kitambaa, si kwa trei za mayai

Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo wanafunzi walikuwa hawamwelewi mhadhiri. Alihamisha mito ya viti kutoka jumba jirani na kuileta mle usiku, akipima kila mara mwangwi unavyopungua. Kanuni aliyoipata ndiyo tunayotumia hadi leo: zidisha ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo mara 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya mita za mraba zinazomeza sauti kabisa; jibu ni sekunde za mwangwi.

Kanisa letu lina mita za ujazo 2,700. Saruji na vigae humeza kidogo sana. Nilikadiria kwamba nyuso zote kwa pamoja, ukiongeza madirisha na milango iliyo wazi, zilikuwa sawa na mita za mraba 100 hivi. Hiyo inatoa zaidi ya sekunde 4. Sasa angalia watu. Mtu mmoja aliyeketi humeza karibu nusu mita ya mraba, kwa hiyo waumini 400 wanaongeza kama 180 na mwangwi unashuka hadi sekunde moja na nusu. Ndiyo sababu fundi anayepanga mixa Jumamosi jioni kanisa likiwa tupu hukuta mambo mengine kabisa Jumapili, na ndiyo sababu ibada ya katikati ya wiki huwa mbaya kuliko zote.

Nunua kitambaa kizito. Kitundike ukuta wa nyuma, unaotazamana na madhabahu, kwa mikunjo mingi na kikae sentimita 10 mbali na ukuta. Kitambaa kilichobanwa ukutani kama bango hakifanyi kazi. Trei za mayai sizitaki hata kuziona: hazimezi karibu chochote cha maana, na zikishika moto zinawaka haraka ndani ya jengo lililojaa watu. Msikitini zulia tayari linasaidia kwa sauti kali za juu, ila besi inabaki; hiyo utaishughulikia kwenye Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Spika nyembamba, juu kidogo, zikitazama vichwa

Yale makasha makubwa ya inchi 15 yanayowekwa sakafuni kila upande wa madhabahu yanafaa harusini. Kwa mahubiri ni mabaya. Yanapiga benchi la kwanza kifuani, halafu sauti iliyobaki inakwenda kwenye mabati na kurudi ikiwa uji.

Mimi natumia spika ndefu nyembamba, zile zenye spika ndogo kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hizo hutawanya sauti kwa upana lakini hazimwagi sana juu wala chini, kwa hiyo mabati hayapati nyingi. Ukumbi wetu ukiwa mtupu, spika inayomwaga sauti kila upande inazidiwa na mwangwi baada ya mita moja na nusu hivi. Nyembamba nzuri inafika karibu mita nne na nusu kabla ya kulingana na mwangwi, na maneno yanaeleweka kwa umbali zaidi ya hapo. Ifunge kwa kimo cha mita mbili na nusu hadi tatu, uiinamishe kuelekea vichwa vya waliokaa. Simama nyuma yake uangalie inakoelekea. Ukiona ukuta mtupu, ishushe.

Hatua ya 4: Spika za nyuma na dilei

Hapa tulia, kwa sababu hapa nilipoteza siku nzima na usiku wake.

Ukumbi wa mita 30 hauwezi kulishwa na spika za mbele peke yake, kwa hiyo lazima ziwepo za pili huko nyuma. Tatizo ni kwamba sauti hewani ni ya polepole na kwenye waya ni ya papo hapo. Kwenye joto la nyuzi 30, kama kwetu, sauti husafiri mita 349 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 2.9 kwa kila mita. Aliyekaa nyuma anasikia neno kwanza kutoka spika iliyo karibu naye, kisha neno lilelile linafika tena kutoka mbele. Kila silabi inasemwa mara mbili. Dawa yake ni dilei, yaani kuichelewesha spika ya nyuma ili sauti ya mbele ifike kwanza au ziende pamoja.

Nilipofika, spika za nyuma zilikuwa zimefungwa ukuta wa mwisho zikitazama madhabahu. Niliziacha palepale, nikapiga hesabu: mita 30, milisekunde 86. Nikaiweka. Kwenye benchi la mwisho ikawa nzuri. Nikaenda katikati, mita 15, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikapunguza mpaka 43. Katikati pakakaa sawa kidogo, nyuma pakaharibika. Nikaendelea kupanda na kushuka hivyo mpaka saa nne usiku. Nilidhani mixa ni mbovu. Nikabadilisha waya. Nikaazima mixa nyingine.

Mixa ilikuwa nzima. Spika inayotazama madhabahu haina namba sahihi, kwa sababu kila hatua unayopiga kuelekea mbele inakusogeza karibu na spika za mbele na kukuweka mbali na ile ya nyuma kwa wakati mmoja. Ukiweka 86, aliyekaa katikati yuko sawa kwa umbali na zote mbili, kwa hiyo anaisikia ya nyuma imechelewa kwa milisekunde 86 zote. Hapo sikio halivumilii tena, linasikia mtu wa pili anayeiga. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Kinachorekebisha ni ngazi na drili.

Kwa hiyo zitoe ukutani. Zifunge kwenye nguzo za kati, zikitazama upande uleule zinakotazama zile za mbele, yaani kuelekea mlango mkuu. Sisi tulizifunga mita 16 kutoka spika za madhabahu. Sasa sauti zote zinasafiri mwelekeo mmoja na namba moja ya dilei inafaa karibu eneo lote lililo kati ya nguzo na mlango mkuu.

Namba unaipata hivi. Simama mita nne kutoka spika ya nguzo, upande wa mlango mkuu. Pima umbali wako hadi spika ya madhabahu (kwangu 20), toa umbali wako hadi spika ya nguzo (4). Inabaki 16, zidisha kwa 2.9, unapata milisekunde 46. Pima kutoka kwenye spika, usipime kutoka kwenye maiki ya mhubiri. Kisha ongeza 10 hadi 15. Nyongeza hii ina sababu. Helmut Haas wa Göttingen alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti mbili zinazofanana zikifika zimepishana kwa muda mfupi, hadi karibu milisekunde 30, sikio huziunganisha na kuamini zinatoka kule kulikotangulia, hata ile ya pili ikiwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo bibi aliyekaa nyuma anamwona mhubiri mbele na anamsikia mbele, ingawa maneno anayoyaelewa yanatoka kwenye nguzo iliyo karibu naye. Tuliishia 58.

Mambo ya kuangalia kabla hujasema umemaliza:

Dilei iwe kwenye njia ya kutokea ya mixa au kwenye kifaa maalumu. Usitumie eko ya mixa, ile inachanganya sauti ya asili na marudio yake, na utakuwa umeongeza mwangwi kwa mkono wako.

Spika za nguzo ziwe na njia yao ya amplifaya. Zikishiriki njia moja na za mbele, huwezi kuzichelewesha.

Ukituma sauti nyuma bila waya, kifaa chenyewe kinaweza kuongeza ucheleweshaji wake. Mimi navuta waya.

Jaribu kwa mlio mfupi wa tik-tik wa simu, si kwa muziki. Muziki unaficha makosa. Ukisikia ti-tik badala ya tik, bado.

Joto la asubuhi na la mchana usilihangaikie. Kati ya nyuzi 20 na 30 tofauti kwa mita 16 haifiki milisekunde moja.

Mwisho, shusha sauti ya nguzo mpaka udhani zimezimika. Kisha zizime kweli. Maneno yakipotea ghafla, kiwango ni sahihi.

Hatua ya 5: Mixa

Zungusha kitufe cha eko mpaka sifuri. Najua wahubiri wengi wanakipenda. Jengo limeshawapa eko ya kutosha.

Kata kila kitu chini ya hezi 120 (hezi hupima uzito na wembamba wa sauti; namba ndogo ni sauti nzito) kwenye maiki za kuongelea, kwa sauti ya mwanamke hata 150. Shusha kidogo eneo la hezi 250 hadi 400, ndipo uzito wa irabu unapojazana. Kati ya kilohezi 2 na 4 ndipo t, k na sh zinapokaa. Pandisha desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) mbili au tatu, si zaidi, la sivyo maiki itaanza kupiga mluzi.

Hatua ya 6: Maiki

Karibu na mdomo, upana wa kiganja. Zima zote ambazo hazitumiki, hasa za kwaya wakati wa mahubiri, kwa sababu kila maiki iliyo wazi inarudisha mwangwi kwenye spika. Mwombe msomaji apunguze mwendo. Mapumziko mafupi kati ya sentensi yanaupa mwangwi nafasi ya kufa.

Hatua ya 7: Rudia jaribio la maneno

Tumia msikilizaji yuleyule, benchi lilelile, mpangilio mwingine wa maneno. Yule mama aliyeandika mara ya kwanza alikuwa amechanganya karibu yote. Safari hii alikosea saka tu, akaandika taka. Hatakuja aliipata.

Bandika kipande cha utepe kando ya kila kitufe na upige picha ya mixa. Fanya mipangilio miwili: wa Jumapili kanisa likijaa, na wa Jumatano wakiwa watu 30. Kwa ule wa Jumatano tulikubaliana na wazee kwamba watu wakae mabenchi sita ya mbele, spika za nguzo zizimwe kabisa, na za mbele zishushwe mpaka mhubiri asikike kama anaongea mezani.

Mvua kubwa ikipiga mabati, mpangilio wowote hautoshi. Huko kunahitaji dari, na wazee wameanza kuichangia.