Namna ya Kupima Wanachokijua na Wanachokihofia Wanafunzi wa Udaktari Kuhusu Kuchangia Damu

Mwanafunzi wa udaktari anayetafuta mada ya utafiti mara nyingi huangukia uchangiaji damu, kwa kuwa washiriki anao darasani na dodoso halihitaji maabara. Ni mada nzuri, lakini ina mtego wake. Watakaohojiwa ni watu waliozoea mitihani: ukiwauliza makundi ya damu watayataja bila kusita, ukiwauliza kama kuchangia damu ni jambo jema watakubali wote, na mwishoni utabaki na jedwali lisiloweza kukueleza kwa nini yule aliyepata alama zote hajawahi kulala kwenye kitanda cha mchangiaji. Dodoso linalofaa ni lile linalolifikia pengo hilo.

Anza na vitendo, ingawa wengi huviweka mwisho. Swali la "Umewahi kuchangia damu?" peke yake halitoshi, kwa sababu linamweka aliyechangia mara moja sekondari pamoja na anayechangia kila anaporuhusiwa. Uliza amechangia mara ngapi katika miezi 12 iliyopita, na mara ya kwanza alichangia kwa hiari yake au kwa kuwa ndugu yake alilazwa na hospitali ikaomba damu ya kufidia. Uliza pia kama amewahi kufika kituoni akarudishwa, na kwa sababu gani. Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 44, au ambaye hemoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa chini siku hiyo, si mkaidi. Ukimhesabu pamoja na wasiotaka kuchangia utakuwa umewasingizia wengi.

Katika sehemu ya maarifa, andika majibu sahihi kabla ya kuandika maswali, ukitumia mwongozo wa huduma ya damu ya nchi yako pamoja na ule wa Shirika la Afya Duniani. Masharti hutofautiana. Huduma nyingi hupokea watu wa miaka 18 hadi 65 na kuchukua takribani mililita 450 kutoka kwa mtu mwenye kilo 50 au zaidi, lakini zipo zinazompokea mwenye kilo 45 na kuchukua mililita 350. Muda wa kusubiri kabla ya kuchangia tena pia hutofautiana. Mwongozo wa Shirika hilo hutaja wiki 12 kwa mwanamume na wiki 16 kwa mwanamke. Usimkosoe mshiriki kwa kipimo cha nchi nyingine.

Kisha soma kila swali kwa jicho la msomi mbishi. Chukua hili: "Damu iliyotolewa hurudi mwilini baada ya muda gani?" Linaonekana jepesi, kumbe lina majibu matatu yaliyo sahihi. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, hurudi katika siku 1 au 2, chembe nyekundu huchukua kati ya wiki 4 na 6, nayo madini ya chuma huweza kuchukua miezi. Mwanafunzi aliyetoka kusoma fiziolojia jana ataitafuna kalamu, kisha atachagua jibu ambalo wewe utalipiga mkasi, ilhali yeye ndiye anayejua zaidi. Liandike hivi: "Baada ya mtu kuchangia damu, ujazo wa plazima hurejea hali ya kawaida ndani ya: (a) siku 2, (b) wiki 6, (c) miezi 4, (d) sijui." Kisanduku cha "sijui" usikiache, na wakati wa kuripoti usikichanganye na majibu yenye makosa. Asiyejua anahitaji kufundishwa tu. Anayeamini kwa uhakika kwamba mwanamke aliye katika hedhi haruhusiwi kuchangia hata akiwa mzima na hemoglobini yake ikitosha, huyo ndiye atakayewarudisha wachangiaji nyumbani akishavaa koti jeupe.

Weka angalau swali moja kuhusu uhifadhi, kwa kuwa ndilo linalopima kama mwanafunzi anaelewa kwa nini damu huhitajika mwaka mzima. Chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 kutegemea kihifadhi kilichotumika, ilhali chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 hadi 7 tu. Weka na jingine kuhusu mtu anayechangia ili ajue kama ana VVU. Mwanafunzi wa udaktari anapaswa kutambua hatari iliyopo: katika siku za mwanzo za maambukizi vipimo vinaweza kutoonyesha kitu.

Mtazamo ndio sehemu ngumu. Kauli kama "Kuchangia damu huokoa maisha" haitofautishi mtu na mtu, basi iondoe. Andika kauli zinazogusa sababu halisi za kusita, nyingine zikiegemea upande wa kukubali na nyingine wa kukataa, ili mtu asiweke alama safu moja kuanzia juu hadi chini. Uliza hofu ya sindano, hofu ya kuzimia, shaka kwamba damu huuzwa, na ukosefu wa muda kati ya vipindi. Kwa kundi hili ningeongeza kauli moja ambayo mara nyingi husahauliwa: "Nina wasiwasi kwamba majibu ya vipimo vyangu yanaweza kuonwa na watu ninaosoma au kufanya kazi nao." Damu iliyochangiwa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na mwanafunzi huwa anawafahamu watu wa maabara kwa sura.

Kuhusu idadi ya washiriki, hesabu ya kawaida yenye kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia 5 hutoa watu 384. Chuo chako kikiwa na wanafunzi 600 tu, gawanya 384 kwa 1 + 383/600, upate 235. Wagawe kwa uwiano wa kila mwaka wa masomo, la sivyo utajaza mwaka wa kwanza, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi.

Pata kibali cha kamati ya maadili, jaribu dodoso kwa wanafunzi wachache ambao hawatakuwamo katika utafiti, na hakikisha mhadhiri ametoka chumbani kabla ya karatasi kugawiwa. Mwanafunzi hawezi kukataa kwa uhuru mbele ya anayemsahihishia mtihani. Usiulize jina, wala hali ya mtu ya VVU.

Wakati wa kuchambua, amua mapema alama ngapi zitaitwa maarifa mazuri, kabla hujaona matokeo. Ukikuta mwaka wa tano wanachangia zaidi ya wa kwanza, usiandike kwamba masomo ndiyo yaliyowabadilisha. Nao wamekuwa na miaka mingi zaidi ya kupata nafasi. Hofu ya kuzimia ikiongoza, mapendekezo yako yaseme jambo la kutendeka: kunywa takribani mililita 500 za maji muda mfupi kabla ya kuchangia, na kukaza misuli ya miguu wakati damu inatoka, hupunguza uwezekano huo.

Mwisho, andaa ukurasa mmoja wenye majibu sahihi pamoja na siku na mahali pa kuchangia. Ugawe baada ya dodoso la mwisho kurudi, si kabla, kwa maana wanaotangulia kumaliza huwanong'oneza wenzao walioko mlangoni.