Kufuma msokoto: anza na kipande cha vitanzi 18

Baridi ya Juni ikishaingia Arusha na kule juu Marangu, kila mtu anataka sweta lenye misokoto, na wengi wanadhani ni kazi ya mashine. Msokoto hauna kitanzi kipya hata kimoja. Kama unajua kutia vitanzi, kufuma kawaida na kufuma kinyume, kilichobaki ni kubadilisha zamu: vitanzi vitatu vinasubiri pembeni, vitatu vinavyofuata vinafumwa kwanza.

Vifaa

Sindano mbili za milimita 4 au 4.5, uzi wa unene wa kati, na kitu chembamba cha kushikia vitanzi vinavyosubiri. Kuna sindano fupi ya kazi hiyo, yenye kona katikati. Usipoipata, kata njiti ya mshikaki iwe na urefu wa kidole na uisugue kwa msasa. Mwanzi hautelezi. Spoku ya baiskeli ni nyembamba na laini mno, ukiiachia tu vitanzi vinachomoka.

Chagua uzi wa rangi ya mwanga usio na manyoya. Bluu nzito na damu ya mzee za masweta ya shule zinaficha msokoto, na mwanafunzi hataona alipokosea. Sufu inavutika, kwa hiyo inasamehe. Akriliki inafaa pia. Pamba iache kwanza, haivutiki na vidole vitauma.

Uzi ukiwa ghali, nunua sweta la mtumba, soko la Kiboriloni kule Moshi au kokote, ulifumue. Ila kabla ya kulipa ligeuze utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta ovaloki, yaani nyuzi za mashine zilizozungushwa ukingoni, kitambaa kilikatwa kwa mkasi: utaambulia vipande vifupi vya uzi, kila mstari na chake. Unataka sweta ambalo kila kipande kina kingo zake nzima. Ukishalifumua, funga uzi mafungu, loweka, kisha tundika yakauke ili mikunjo inyooke.

Mistari

Tia vitanzi 18.

Mstari wa 1 (mbele): 2 kawaida, 4 kinyume, 6 kawaida, 4 kinyume, 2 kawaida.
Mstari wa 2 (nyuma): 6 kawaida, 6 kinyume, 6 kawaida.
Mstari wa 3: kama wa 1.
Mstari wa 4: kama wa 2. Vile sita vya katikati vifume kwa kulegeza kidogo, maana ndivyo vitakavyovutwa.
Mstari wa 5: 2 kawaida, 4 kinyume, msokoto, 4 kinyume, 2 kawaida.
Mstari wa 6: kama wa 2.

Rudia hivyo hivyo. Msokoto utaangukia mstari wa 5, 11, 17 na 23. Vile vinne vya kinyume kila upande vina kazi yake: vinazama ndani, na katikati panainuka.

Msokoto wenyewe

Ukifika kwenye vile sita, hamishia vitatu vya kwanza kwenye njiti bila kuvifuma. Njiti iingie kutoka kulia, kama unayetaka kufuma kinyume, vinginevyo vitanzi vitapinda shingo. Acha njiti ining'inie mbele ya kazi. Peleka uzi nyuma, ruka njiti, fuma vitatu vinavyofuata kawaida. Kitanzi cha kwanza kati ya hivyo kivute vizuri, la sivyo patabaki uwazi. Sasa rudisha vile vitatu kwenye sindano ya kushoto bila kuizungusha njiti, uvifume kawaida. Kilichotangulia kuingia kwenye njiti ndicho kinachotangulia kufumwa.

Njiti ikikaa mbele, msokoto unalalia kushoto. Ikikaa nyuma, unalalia kulia. Chagua upande mmoja na usiubadilishe hadi umalize kipande hiki cha mazoezi.

Yanayoharibika

Shimo kwenye ukingo wa kushoto wa msokoto ni la kawaida. Kutoka kawaida kwenda kinyume, uzi unasafiri zaidi, na ile ziada inaingia kwenye kitanzi cha mwisho cha msokoto. Kaza vitanzi viwili vya kwanza vya kinyume vinavyofuata.

Kupoteza hesabu ya mistari ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Usitegemee kichwa, hasa kama unafuma huku unauza duka. Kila unaposokota, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha pembeni cha mstari huohuo, kisha hesabu kuanzia hapo.

Na ukigundua msokoto mmoja umelalia upande usio wake, mistari kumi chini? Usifumue sweta zima. Fuma mstari ulionao hadi ufike kwenye vitanzi sita vilivyo juu ya msokoto huo, ukiwa upande wa mbele. Chomoa vile vitanzi sita tu na uviache vishuke hadi mstari wa kosa uachie. Utaona nyuzi zilizolala kama vipandio vya ngazi, moja kwa kila mstari. Shika vile sita kwa njiti, vipange upya kwa mpangilio sahihi, kisha vifume kawaida kwa uzi wa ngazi ya chini kabisa. Endelea ngazi moja moja hadi juu, kila mara ukianzia kulia, bila kuruka hata moja. Vikikaza huku na kulegea kule, sawazisha kwa ncha ya sindano.

Kabla ya kufuma sweta

Msokoto unakula upana. Fuma kipande cha pili cha vitanzi 18 bila kusokota, upime vyote viwili. Tofauti ikiwa sentimita 2 na kifua kina misokoto minne, umepoteza sentimita 8, na sweta litambana mwenyewe. Ongeza vitanzi vya kufidia kwenye mstari wa mwisho wa lastiki ya chini (ule ukingo wa sweta unaovutika), pale ambapo kila msokoto utaanzia.

Loweka kipande, kamua ndani ya taulo, kilaze kikauke. Usikining'inize, na akriliki usiipige pasi: msokoto utalala na hautainuka tena.

Kwa kifua cha sweta, misokoto ya kushoto sokota njiti ikiwa mbele na ya kulia njiti ikiwa nyuma, ili itazamane.