Kulinganisha makadirio ya elimu ya Kenya na Tanzania hadi 2100, hatua kwa hatua

Chukua msichana wa Holili, Tanzania, na mwenzake wa Taveta, Kenya, kila mmoja upande wake wa mpaka. Wote wawili wameishia kidato cha nne. Ukifungua takwimu zilizopangwa kwa ngazi za UNESCO, wa Taveta amehesabiwa kuwa amemaliza sekondari ya juu, wa Holili sekondari ya chini. Darasani wamepishana mwaka mmoja tu: miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari kwa Kenya ya mfumo wa 8-4-4, 7 na 4 kwa Tanzania.

Mara ya kwanza nilipochora chati ya nchi hizi mbili sikulijua hilo. Niliipeleka kikaoni ikionyesha Tanzania imeachwa mbali mno. Mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza, "Hawa wa kidato cha nne umewaweka wapi?" Sikuwa na jibu. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Amua unamhesabu nani

Ukichukua watu wote wa miaka 25 na zaidi, unamchanganya bibi aliyekua kabla shule haijafika kijijini na kijana aliyeanza darasa la kwanza baada ya ada ya msingi kufutwa, Tanzania 2001 na Kenya 2003. Kipimo hicho husogea polepole sana. Kiweke, lakini kando yake weka kundi la miaka 30 hadi 34, ambalo huonyesha mabadiliko mapema.

Kumbuka pia kwamba waliokuwa na miaka 30 hadi 34 mwaka 2020 ndio watakaokuwa na 60 hadi 64 mwaka 2050. Masomo yao kwa kawaida yamekwisha. Kinachobaki kubadili idadi yao ni vifo na uhamaji. Wazee wa chati ya 2050 unapishana nao barabarani leo.

Hatua ya 2: Pakua takwimu

Kituo cha Wittgenstein cha Vienna, Austria, kinachotafiti idadi ya watu, hutoa bure makadirio ya watu kwa umri, jinsia na elimu hadi mwaka 2100. Chagua nchi zote mbili kwa pamoja, kutoka toleo moja, na upakue idadi ya watu badala ya asilimia, kwa sababu utahitaji kujumlisha ngazi. Idadi hizo ziko kwa maelfu.

Utaulizwa mwelekeo gani wa baadaye; mielekeo hiyo imepewa majina ya SSP na namba. SSP2 ni wa katikati, SSP1 unachukulia elimu itapanuka haraka, SSP3 unachukulia itadorora. Anza na SSP2 kwa nchi zote mbili. Kuweka SSP1 ya nchi moja kando ya SSP2 ya nyingine ni kulinganisha mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

Hatua ya 3: Panga ngazi upya

Hapa usiwe na haraka. Kwanza soma maelezo ya chanzo chako kuhusu kila nchi, uone kidato cha nne kimewekwa wapi. Kama kimefuata mpangilio wa UNESCO, msingi wa Kenya umehesabiwa miaka 6, darasa la saba na la nane yakawa sekondari ya chini, na kidato cha kwanza hadi cha nne sekondari ya juu. Kwa Tanzania, msingi ni miaka 7, kidato cha kwanza hadi cha nne ni sekondari ya chini, na cha tano na sita ni ya juu.

Basi tengeneza makundi matatu yako mwenyewe:

- Hakusoma, au hakumaliza msingi.
- Amemaliza msingi: kwa Kenya jumlisha msingi na sekondari ya chini, kwa Tanzania chukua msingi peke yake.
- Kidato cha nne na kuendelea: kwa Kenya sekondari ya juu na elimu ya juu, kwa Tanzania sekondari zote mbili na elimu ya juu.

Aliyeacha shule kidato cha pili anaangukia kundi la kati pande zote mbili, na ndivyo inavyotakiwa. Kasoro moja inabaki: Mkenya aliyeishia darasa la sita anahesabiwa amemaliza msingi, Mtanzania wa darasa hilohilo hapana. Iandike chini ya jedwali.

Wazee wa Kenya waangalie kwa jicho la pekee. Kabla ya 1985 Kenya nayo ilisoma 7-4-2-3, yaani msingi miaka 7, sekondari 4 kisha 2, na chuo kikuu 3, kama Tanzania.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Kwenye Excel, gawa kila kundi kwa jumla ya watu wa umri huo na jinsia hiyo. Wanawake na wanaume wawe na safu zao. Kisha linganisha mwaka wa kuanzia na tafiti za afya na demografia za 2022, zilizofanyika nchi zote mbili. Zikipishana sana, rudi hatua ya 3 kabla ya kuchora chochote.

Hatua ya 5: Weka alama kwenye chati

Mifumo yenyewe inahama. Kenya imeingia 2-6-3-3-3 (awali miaka 2, msingi 6, sekondari 3 na 3, chuo kikuu 3), na KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ulifanyika kwa mara ya mwisho 2023. Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, inashusha msingi hadi miaka 6 na kufanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Chora mstari wa wima pale ambapo watoto wa mifumo mipya wataingia kwenye kundi lako la umri. Kwa mfano, aliyeanza darasa la kwanza Tanzania mwaka 2025 akiwa na miaka 6 ataingia kundi la 30 hadi 34 mwaka 2049. Kulia kwa mstari huo, yale makundi matatu yapangwe upya.