Kumpata Fundi wa Kuaminika wa Kuezeka Paa Baada ya Kimbunga
Kimbunga kinapopita, kama kilivyopita Hidaya katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, mwezi Mei 2024, mara nyingi hutokea fundi asiyejulikana anayetaka alipwe fedha zote siku hiyo hiyo. Usimpe. Piga picha za uharibifu wote, funika paa kwa turubai, kisha uanze kutafuta kwa utulivu.

Kwa kazi kubwa, hakiki jina la kampuni kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa paa la kawaida, ambalo wengi wetu humpa fundi wa mtaani, muulize mtendaji wa kijiji na majirani, kisha uende ukaione nyumba aliyoiezeka kabla ya kimbunga, hasa ile ambayo mabati yake hayakung'oka.

Ukifika huko, tazama jinsi kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilivyofungwa ukutani, kwa sababu upepo mkali hulivuta paa kwenda juu, na kenchi iliyopigiliwa misumari tu huchomoka kwa urahisi kuliko ile iliyofungwa kwa nondo au bamba la chuma lililozamishwa kwenye linta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta. Fundi asiyeweza kukueleza jambo hili asiguse paa lako, hata bei yake iwe nafuu kiasi gani.

Andikianeni mkataba mbele ya shahidi, mtaje geji (unene) ya bati, vipimo vya mbao na muda wa kazi. Nunua vifaa mwenyewe, lipa ufundi kwa awamu, na ubakize malipo ya mwisho hadi mvua kubwa inyeshe bila paa kuvuja.