Kufufua Gari la Wazi la Zamani Ukiwa Malindi

Gari la wazi ni lile ambalo paa lake limeshonwa kwa turubai, nalo hukunjwa au kuvuliwa pale dereva anapotaka upepo. Hapa Malindi magari ya namna hiyo si mageni. Suzuki SJ410 za turubai, zilizoanza kuundwa mwaka 1981 zikiwa na injini ndogo ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 970 za mchemraba, bado zinaonekana chini ya mivinje, na mara mojamoja utakuta Fiat au Alfa Romeo ya viti viwili iliyoachwa na Mwitaliano aliyerudi kwao. Nimeyashughulikia magari haya katika ua wa nyumba yetu kwa miaka kadhaa, na jambo nililolishika ni kwamba injini ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kinachoua gari la wazi katika pwani yetu ni maji na chumvi, na kila hatua inayofuata hapa nimeipanga kwa kuwaza njia ambayo maji huingilia, mahali yanapotuama na tundu yanapotokea.

Kwa kuwa sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, gari lako la zamani itakubidi ulipate humu humu. Mengi yamelala katika nyua za nyumba ambazo wenyewe wako ng'ambo, na ufunguo uko kwa mlinzi. Usimlipe mlinzi. Mtafute yule ambaye jina lake limo katika logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ulinganishe namba ya chasi na namba ya injini na zile zilizoandikwa humo, na uhakikishe kwamba umiliki unaweza kuhamishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujatoa shilingi. Ikiwa injini ilibadilishwa, au wewe mwenyewe unakusudia kubadilisha rangi, mabadiliko hayo pia yanapaswa kuandikishwa.

Uliza kwa upole gari limeishi wapi. Gari lililokaa Langobaya au Ganze, mbali na bahari, linaweza kuwa limechakaa viti na rangi huku bati lake likiwa zima. Lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Kurawa linaweza kung'aa kwa nje na kuwa limeliwa lote kwa ndani. Nenda na bisibisi, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa kitambaa. Inua mazulia, gonga sakafu mbele ya viti, gonga vizingiti vya milango, kisha ulale chini uangalie chasi pale ambapo springi za nyuma zimeshikizwa. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa mlio wa kufa, na bisibisi huzama. Sumaku isiyoshika inakwambia kwamba chini ya rangi pana pati ya kuzibia, si chuma. Suzuki yangu ya kwanza niliinunua bila sumaku. Aliyeitengeneza kabla yangu alikuwa ameziba tundu za sakafu kwa magazeti na pati, akapaka rangi nyeusi juu, na masika ya kwanza yalipokwisha nilikuwa naiona barabara kati ya miguu yangu.

Panga kazi kwa majira. Masika hayafai kwa kuchomelea wala kwa rangi, kwa sababu bati lililosuguliwa asubuhi huwa limeshapata kutu nyembamba ifikapo jioni. Mimi hutumia miezi ya mvua kwa injini, breki na viti chini ya kivuli, na kuiweka kazi ya bati na rangi katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi. Makuti ni kivuli kizuri cha kumwezesha fundi kufanya kazi mchana kutwa, ila huangusha vumbi, kwa hiyo tandaza turubai chini yake kabla hujafungua kitu chochote.

Kabla ya kung'oa, piga picha kila upande, hasa mpangilio wa nyaya na mabomba, na uweke bolti za kila sehemu katika kopo lake lenye jina. Bolti zilizoshikwa na kutu zipake mafuta ya kupenya siku mbili mfululizo kabla ya kuzigusa, ukatumie spana ya duara badala ya ile ya mdomo wazi, ambayo hula pembe za nati. Katika Suzuki utapata faida kubwa: bodi yake imekaa juu ya chasi kwa bolti na mipira, hivyo baada ya kufungua nyaya, usukani, pedali na mabomba, vijana wanane wa mtaani wanaweza kuinyanyua na kuiweka pembeni juu ya magogo, na chasi nzima ikabaki wazi mbele yako.

Fiat na Alfa za wazi hazina chasi ya namna hiyo, na hapa naomba msomaji asome pole pole. Katika magari hayo bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na kwa kuwa hakuna paa la chuma la kushikilia sehemu ya juu, sehemu kubwa ya uzito imebebwa na vizingiti vya milango. Ukikata kizingiti kilichooza bila kujiandaa, gari litajikunja katikati na mlango hautafunga tena kamwe. Liweke gari juu ya sakafu sawa, lishikilie chini kwa vigingi imara, kisha chomelea bomba la pembe nne kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kitasa katika kila upande, na uache milango ikiwa na nafasi ya kufungika. Kata kizingiti kimoja tu, ukimalize, uhakikishe mlango unafunga, ndipo uende kwenye cha pili.

Kutu hufukuzwa kwa maji kwanza, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Chumvi iliyonasa ndani ya vitundu vya kutu haitoki kwa brashi ya waya, na ikibaki itaendelea kula chuma hata chini ya rangi bora kabisa. Osha bati kwa maji mengi, sugua, osha tena, rudia. Usitumie maji ya kisima, kwa maana visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi na utakuwa unarudisha ulichokitoa. Tumia maji ya mfereji au maji ya mvua uliyokinga. Bati likikauka kabisa juani, lipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori ukiwa umevaa glavu na miwani, ufuate maelekezo yake ya kuisuuza na kuikausha, kisha upake praima (rangi ya kwanza) ya epoksi. Palipotoboka pakate mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Kiraka kiwe cha bati la milimita moja hivi, na kichomelewe kwa mashine ya waya na gesi, nukta hapa na nukta pale, ukiacha kila nukta ipoe. Mashine ya vijiti inayotumika kutengeneza mageti ina joto kali mno kwa bati la gari na itatoboa zaidi ya ilivyoziba. Kabla ya kuchomelea fungua nyaya za betri na za jenereta ya gari. Tangi la petroli liondoe uani kabisa, na usikubali mtu alichomelee ati kwa sababu ni tupu, kwani mvuke uliobaki ndani ndio hulipuka.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyeunda madau ujanani mwake, alinikuta nikiziba vitundu vidogo chini ya vizingiti nikidhani ni vya kutu. "Mwanangu," akaniambia, "hata chombo kina tundu la kutolea maji kikipandishwa pwani. Umelifunga, maji yatoke wapi?" Alisema kweli. Kila gari la wazi lina vitundu vya kutolea maji sakafuni, ndani ya milango, katika vizingiti na nyuma ya viti pale paa linapokunjwa. Vizibue kwa waya laini, mwaga kikombe cha maji juu na ungoje kuyaona yanatoka chini. Baada ya rangi, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mashimo yote yaliyofichika, nayo iwe nyembamba isije ikaviziba vitundu vile vile.

Injini iliyolala miaka mingi usiiwashe kwa pupa. Toa plagi, tia kijiko cha oili safi katika kila silinda, iache mpaka kesho yake, halafu izungushe kwa spana kwenye puli ya kranki. Ikizunguka bila kukwama, mwaga oili ya zamani na petroli iliyooza, safisha kabureta, badilisha mkanda wa taimingi hata kama unaonekana mzima, badilisha mipira yote ya maji, ndipo ujaribu ufunguo. Breki hazihitaji hukumu ndefu: maji ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na katika hewa yetu hilo huziozesha silinda kwa ndani, kwa hiyo badilisha mipira, mabomba yenye kutu na maji yote. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize, kwa kuwa viatu vingi vya miaka ile vilikuwa na asbestosi.

Kabla ya kupaka rangi, rudisha milango, vioo na fremu ya paa, uone kama vinakutana. Marekebisho ya nyundo hufanywa wakati huu, si baada ya rangi. Rangi yenyewe mwachie fundi mwenye kifaa cha kumletea hewa safi, hasa ikiwa ni ile inayochanganywa na kigandishi, kwa sababu mvuke wake hudhuru mapafu na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Asianze mpaka umande umekauka, na sakafu ilowanishwe ili vumbi litulie.

Paa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mataruma ya fremu yake yanyooshwe, yasuguliwe na kupakwa rangi, na viungo vitiwe grisi. Usilitupe turubai kuukuu hata likiwa limechanika. Lifumue mshono kwa mshono, ulitandaze, na ulitumie kukatia jipya, ukikumbuka kwamba la zamani limevutika na linaweza kuwa refu kidogo kuliko lilivyokuwa. Pwani tumebahatika kuwa na mafundi wa kushona matanga na maturubai, ambao mkono wao unajua mshono unaopigwa na upepo. Mwombe fundi atumie uzi wa poliesta nene badala ya pamba, kwa kuwa pamba huozeshwa na jua na unyevu, na alaze mshono kama makuti yanavyolaliana, wa juu ukifunika wa chini, ili maji yateremke bila kupata mlango. Kisha paka nta ya nyuki juu ya mishono na uipashe joto mpaka inywee. Siku ya kulivalisha iwe ya jua la saa sita, wakati turubai limelegea. Anza kulishikiza katikati ya mbele, nenda katikati ya nyuma, halafu pembeni pole pole kwa zamu, ukilivuta sawa kila upande. Liache limefungwa usiku mzima na siku ya pili kabla ya kulikunja mara ya kwanza. Kioo cha nyuma cha plastiki osha kwa maji na sabuni laini, na usikikunje kikiwa na vumbi.

Jaribu paa kwa maji ya mfereji huku mtu ameketi ndani na tochi, akitazama pembe za kioo cha mbele na juu ya milango, mahali ambapo uvujaji huanzia. Gari likishaanza kutembea, lioshe chini kwa maji hayo hayo kila Jumamosi, na kila mvua ikikatika lifungue paa na uinue mazulia mpaka sakafu ikauke.