Kuandaa SACCOS kupokea mfumo wa ulinzi wa mtandao unaotumia akili mnemba

Mfumo wa aina hii hujifunza kwanza mwenendo wa kawaida wa ofisi, kisha hutoa onyo ukiona jambo geni. Kama mdukuzi yumo ndani tayari wakati mfumo unajifunza, naye atahesabiwa kuwa mwenyeji. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya kuusimika. Maelezo haya yanalenga SACCOS au taasisi ndogo ya Tanzania yenye kompyuta 30 hadi 100 na seva za Windows zinazotumia Active Directory, yaani orodha kuu ya akaunti na kompyuta za ofisi.

Hatua ya 1: Orodha ya vifaa

Chukua orodha ya vifaa vilivyopewa anwani na ruta, uilinganishe na rejista ya mali. Kifaa kisicho na mwenyewe kitafutwe hadi kionekane, ikiwemo mashine ya kurekodi kamera za ulinzi. Weka alama kwenye kompyuta zenye Windows 7, ambayo ilikoma kuhudumiwa Januari 14, 2020, na Windows 10, iliyofikia ukomo Oktoba 14, 2025. Ambazo haziwezi kubadilishwa sasa, zitenge kwenye mtandao wao.

Hatua ya 2: Saa

Wengi huiruka hatua hii, wakaja kuijutia. Mfumo huunganisha matukio kwa kufuata muda. Saa zikipishana, shambulio moja huonekana kama vijitukio visivyohusiana. Kwenye kila kompyuta endesha `w32tm /query /status`, na ile iliyopotoka uirekebishe kwa `w32tm /resync`. Kompyuta inayorudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, betri yake ndogo ya duara imekufa. Nyingi hutumia CR2032. Ibadilishe, maana kupanga saa kwa mkono hakutadumu hata wiki.

Hatua ya 3: Logi

Hapa usifanye haraka. Logi ni daftari ambamo kompyuta huandika matukio yake. Logi ya usalama ya Windows huja na ukubwa wa MB 20 tu, na kwenye seva yenye kazi nyingi hujaa ndani ya saa chache, kisha matukio mapya yanafuta ya zamani. Ipandishe hadi GB 1:

`wevtutil sl Security /ms:1073741824`

Kisha hakikisha matukio haya yanarekodiwa: 4624 (mtu ameingia), 4625 (ameshindwa kuingia), 4688 (programu imeanzishwa), 4720 (akaunti mpya imeundwa) na 1102 (logi imefutwa). Tukio la 4688 halirekodiwi mpaka uliwashe kwenye sera za ukaguzi, na kuna mpangilio mwingine wa pekee wa kuonyesha amri kamili iliyotumika. Uwashe pia. Bila amri hiyo mfumo utajua tu kwamba PowerShell, programu ya Windows ya kuandikia amri, imefunguliwa, jambo ambalo fundi wako hulifanya kila siku.

Hatua ya 4: Akaunti

Tafuta akaunti zilizolala siku 90:

`Search-ADAccount -AccountInactive -TimeSpan 90.00:00:00 -UsersOnly`

Zifunge kwanza, usizifute. Baadhi huendesha kazi za mwisho wa mwaka. Akaunti moja inayotumiwa na makarani watatu igawanywe, kwa sababu mfumo hauwezi kujifunza tabia ya mtu mmoja kutoka kwa watu watatu.

Hatua ya 5: Sheria

Mifumo mingi hupeleka logi kwenye seva za nje ya nchi, na ndani yake mna majina na nyendo za watumishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti juu ya usafirishaji huo. Muulize muuzaji kwa maandishi data inakaa wapi na kwa muda gani, kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: Kuangalia bila kuzuia

Uache mfumo utoe maonyo tu, hadi upite miisho miwili ya mwezi. Ukijifunza katikati ya mwezi peke yake, siku ya mishahara utaona miamala imefurika na kuiita shambulio. Watumishi wanaotumia modemu za simu nao huleta maonyo ya uongo: aliyeko Mbeya anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, kwa kuwa kampuni za simu hugawia wateja wengi anwani moja. Kila onyo la uongo liandikwe pamoja na sababu yake. Ukitaka kulinyamazisha, usiruhusu folda nzima ipitwe bila kukaguliwa. Ruhusu programu moja mahususi.

Hatua ya 7: Kuwasha kuzuia

Anza na kompyuta 5 za idara tofauti, kisha robo ya ofisi, na seva ya miamala iwe ya mwisho. Julai 19, 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa mtandao, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na nyingi zilihitaji mtu azifikie moja moja. Kwa hiyo chapisha funguo za BitLocker, zinazofungua diski iliyofungwa kwa siri kompyuta inapokwama, na uzifungie kwenye kasha la fedha. Andika pia jina la mwenye mamlaka ya kuitenga seva saa nane usiku, na la msaidizi wake, pamoja na namba zao za simu.